Bustani ya Botania: Jina la Mahali na Majina ya Miti

Neno bustani limebebeshwa mizigo mingi. Mahali pa mchicha na nyanya nyuma ya nyumba ni bustani. Uwanja wa maua mbele ya ofisi ya mkoa ni bustani. Mahali pa kupumzikia jioni penye viti na vivuli ni bustani. Na wako hata wanaokiita kitalu cha miche bustani. Basi mfasiri anapokutana na habari za mahali ambapo mimea ya nchi nyingi imekusanywa, ikaorodheshwa, ikawekewa vibao na kutunzwa kwa ajili ya elimu, kalamu yake husita. Mmoja huandika bustani ya mimea, wa pili bustani ya miti, wa tatu bustani ya maua, na wa nne bustani ya botania. Maneno yote manne yamo katika maandishi yetu, na aghalabu yamo katika barua za ofisi moja.

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hili kwa kumchukua msomaji hadi katika bustani moja ya namna hiyo, ile iliyopo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Tumechagua njia hiyo kwa sababu istilahi ni rahisi kuhukumiwa pale kitu chenyewe kinapoonekana kwa macho kuliko inapojadiliwa mezani.

Kwanza neno lenyewe. Bustani ni neno la asili ya Kiajemi, na maana yake ya kale ni mahali pa harufu nzuri. Sehemu yake ya mwisho, stani, ndiyo hiyo hiyo tunayoisikia katika Pakistani na Afuganistani, yaani mahali au nchi. Kwa hiyo neno hili halikuzaliwa na wajibu wowote wa kitaaluma. Lilizaliwa kwa ajili ya pua. Ni sharti tuliongezee kitu linapotakiwa kubeba maana ya taasisi ya elimu, na swali ni tuliongezee nini.

Kinachoitofautisha bustani ya namna hii na bustani nyingine si wingi wa mimea wala uzuri wake, bali ni kumbukumbu. Kila mmea unatakiwa ujulikane ni upi, umetoka wapi, umeletwa mwaka gani. Bustani ya Padua, nchini Italia, ilianzishwa mwaka 1545, na mpaka leo ipo pale pale ilipoanzia. Ilianzishwa kwa ajili ya wanafunzi wa utabibu, kwa kuwa dawa za siku hizo zilitoka katika mimea, na kosa la kuuchukua mmea mmoja kwa jina la mwingine liliweza kumwua mgonjwa. Wanafunzi waliletwa mbele ya mmea ili wauone na walishike jina lake. Ndiyo kusema kwamba tangu mwanzo bustani hizi zilikuwa shule za majina kabla ya kuwa mahali pa matembezi.

Kutoka Ulaya ziliingia katika makoloni kwa sababu nyingine, isiyokuwa ya tabibu. Serikali za kikoloni zilitaka kujua ni mazao gani ya biashara yangestawi katika ardhi walizozitwaa. Wadachi walihamisha makao ya utawala wao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na miaka miwili tu baadaye, mwaka 1893, bustani ya Dar es Salaam ikaanzishwa chini ya Franz Stuhlmann, mtaalamu wa viumbe aliyekwisha kusafiri bara pamoja na Emin Pasha. Kazi ya bustani ilikuwa kujaribu mimea. Baadaye, ilipoundwa taasisi ya utafiti wa kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, kazi kubwa ya majaribio ilihamia huko, naye Stuhlmann akawa mkuu wake. Bustani ya Dar es Salaam ikabaki mjini na miti yake.

Mgeni anayekwenda kuizuru leo huifikia kwa Barabara ya Samora. Barabara hiyo nayo ina historia ya majina yenye ladha ya mimea: Wadachi waliiita Unter den Akazien, yaani Chini ya Miakasia, Waingereza wakaifasiri kuwa Acacia Avenue, baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, kisha ikapewa jina la Samora Machel. Pembeni ya bustani ipo Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano, na mtaa unaopita hapo umepewa jina la Shaaban Robert. Jiji lenyewe limekwisha pita watu milioni 5 kwa sensa ya 2022, na kelele za magari zinaingia mpaka chini ya miti. Bustani si kubwa. Mtu anaweza kuipita kwa miguu kwa muda mfupi na kutoka upande wa pili bila kujua kwamba amepita katika mojawapo ya bustani kongwe za aina yake katika Afrika ya Mashariki, yenye umri mkubwa kuliko ile ya Entebbe ya mwaka 1898. Kama hakusimama kusoma majina, ameona kivuli tu.

Basi na tusimame. Humo kuna mijakaranda, mikrismasi yenye maua mekundu, michikichi na jamaa zake wa namna nyingi, mitapo, na ule mti wa jamii ya minazi utokao Shelisheli ambao wageni hupenda kuonyeshwa. Katika orodha hiyo fupi mna mambo yote yanayomsumbua mfasiri.

Tutazame mjakaranda. Jina hili limetoka Amerika ya Kusini, katika lugha za wenyeji wa huko, likapitia kwa Wareno, likaenea duniani. Kiswahili hakikulifanyia kazi kubwa. Kiliweka m- mwanzoni, na mara jina likawa mti, lenye wingi wa mi- na upatanisho wake wote: mjakaranda huu umechanua, mijakaranda hii imechanua. Kiambishi hiki kimoja ni mashine ya kuundia istilahi ambayo lugha nyingi hazina. Fenesi ni neno la Kihindi. Mfenesi ni la kwetu. Kanju limetoka Brazili kwa mkono wa Mreno. Mkanju umeota hapa. Zao la mti likiwa tunda hukaa katika ngeli yake, embe na chungwa. Likiwa ni unga au kitu cha kumumunya au kukoroga huweza kuingia katika u-, kama ubuyu na ukwaju. Hapana budi kusema kwamba mwandishi anayeandika “mti wa jakaranda” au “mti wa maembe” ameiacha mashine hiyo ikae bure na kuchukua jembe la mkono. Isipokuwa mgomba, ambao umekataa kata kata kuitwa mndizi, mimea mingi ya chakula hufuata kanuni hii kwa utii.

Pengine jina la kigeni halichukuliwi, bali neno la zamani hupewa kazi mpya. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf aliagiza vikonyo 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Vilivyofika vikiwa hai na kupandwa karibu na Pangani vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 nchi nzima ya Tanganyika ilikuja kujulikana duniani kwa mkonge. Nyuzi zake tunaziita katani. Lakini katani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitani, mmea mwingine kabisa unaofumwa nguo nyepesi, nao hauna udugu wowote na mkonge. Hakuna mkulima wa Tanga aliyepata kudhurika kwa sababu ya historia hiyo ya neno.

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka watungaji wa istilahi walitafakari. Tumezoea kuidai istilahi ieleze kitu: kitoke wapi, kifanye nini, kifanane na nini. Lakini kazi ya kwanza ya istilahi ni kuelekeza kidole kwenye kitu kimoja, kisiwe kingine. Bustani inatupa ushahidi mwingi. Ule mti wa Shelisheli jina lake la kitaalamu ni Lodoicea maldivica, maana yake wa Maldivi. Haukuota kamwe Maldivi kwa asili yake. Unaota wenyewe katika visiwa viwili tu vya Shelisheli, Praslin na Curieuse. Mbegu yake, iliyo kubwa kuliko mbegu zote duniani, ilikuwa ikisukumwa na bahari mpaka fukwe za Maldivi zamani kabla ya mabaharia kujua mti wenyewe uko wapi. Walioiokota waliipa jina la mahali walipoiokota. Kwa upande wetu, watu wa pwani wanao mshelisheli, nao ni mti mwingine, ule wa tunda kubwa linalochemshwa au kukaangwa kama kiazi. Asili ya mshelisheli si Shelisheli. Ni visiwa vya Pasifiki. Basi jina la Kilatini linadanganya upande mmoja na jina la Kiswahili linadanganya upande wa pili, na yote mawili yanafanya kazi yake sawasawa. Ukwaju nao, katika Kilatini Tamarindus indica, umebeba India mara mbili, kwani tamarindus ni Kiarabu, tende ya Kihindi, na indica ni ya India tena. Hali wataalamu wa leo wanauhesabu mkwaju kuwa mzawa wa Afrika.

Kwa hiyo hatuna sababu ya kuyaonea haya majina yetu kwamba si ya kisayansi. Wala hatuna sababu ya kuyakataa majina ya Kilatini kwa kuwa yamebeba majina ya watu waliokuja na bendera. Mtapo mmoja wa pwani yetu ni Encephalartos hildebrandtii, kwa jina la msafiri Mjerumani. Mpira wa mwituni uliotafutwa sana karne ya 19 ni Landolphia kirkii, kwa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja. Yapo mambo ambayo wataalamu wenyewe wameyaona hayavumiliki. Mkutano wao wa kimataifa uliofanyika Madrid mwaka 2024 uliamua kwamba majina yenye neno caffra, lililotokana na kafiri na kugeuzwa tusi Kusini mwa Afrika, yaandikwe affra. Mabadiliko hayo yalifanywa na wenye mamlaka ya majina hayo. Mfasiri hana mamlaka hayo. Jina la Kilatini huandikwa kama lilivyo, neno la kwanza kwa herufi kubwa na la pili kwa herufi ndogo, bila kulitia irabu za Kiswahili mwishoni.

Yafuatayo ni magumu zaidi, nayo ni maneno aina, spishi na jenasi. Wapo walimu wanaouliza kwa nini tumekopa spishi hali tunalo neno aina. Jibu lipo chini ya mwembe. Dodo, boribo na sikio la punda ni aina za maembe. Muuzaji wa soko la Kariakoo anazijua bila kusoma, na hakubali kuuziwa moja kwa jina la nyingine. Lakini miti yote mitatu ni spishi moja, Mangifera indica. Tukiliita kundi la dodo aina, na kundi zima la maembe tukaliita aina pia, tutakuwa tumemnyang’anya muuzaji neno lake na kumpa mwanafunzi neno lisilokata. Aina ibaki kwa dodo na boribo. Spishi itumike kwa mwembe. Ama jenasi, mfano mzuri ni mfenesi na mshelisheli, ambayo kwa jicho la mpita njia haina uhusiano mkubwa, lakini yote ni Artocarpus: spishi mbili za jenasi moja. Mwalimu akiwaweka wanafunzi mbele ya majani na matunda ya miti hiyo, hahitaji kueleza sana.

Tumesema istilahi huelekeza kidole. Taabu huja kidole kinapoelekeza vitu viwili, au vidole vitatu vinapoelekeza kitu kimoja. La pili si la hatari kubwa. Mkorosho, mkanju na mbibo ni mti mmoja. Baraza likichagua mkorosho kwa matumizi sanifu, mengine hubaki kuwa hazina ya lahaja, na kamusi ina nafasi yake. La kwanza ndilo la kuogopa. Mjohoro kwa watu wengi ni Senna siamea, mti wa maua ya manjano unaopandwa kwa kuni na kivuli. Lakini wako wanaouita mjohoro ule mwekundu wa Desemba, Delonix regia wa kutoka Bukini, ambao wengine huuita mkrismasi au mkakaya. Ofisi inapoandika waraka wa kupanda mijohoro 500 kando ya barabara, mwenye kitalu wa mkoa mmoja ataleta miche ya manjano na wa mkoa wa pili miche ya nyekundu, na wote wawili watakuwa wametii waraka. Hasara hapo ni ya fedha na miaka, maana mti hauhamishwi kama kiti.

Kwa mwarobaini hasara yaweza kuwa ya afya. Mti huu, Azadirachta indica, ulipewa jina na watu wa pwani kwa imani kwamba hutibu maradhi arobaini, na majani yake huchemshwa na kunywewa katika nyumba nyingi. Huko bara upo mti mwingine, Melia azedarach, unaofanana nao kwa majani, na wako wanaouita mwarobaini vile vile. Wengine kwa tahadhari huuita mwarobaini nusu, na baadhi ya vitabu vya misitu huuita mmelia. Matunda ya mmelia yana sumu kwa watu na kwa mifugo. Mwenye macho huweza kuitofautisha: jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja chenye vijani pande mbili, na kikonyo cha mmelia hugawanyika tena katika vikonyo vidogo. Lakini msomaji wa kijitabu cha afya haoni mti, anaona neno. Kijitabu kilichofasiriwa kwa kuandika mwarobaini tu, pasipo jina la Kilatini, kimeacha nusu ya habari ofisini.

Si Kiswahili peke yake kilichochanganya miti hii. Azadirachta na azedarach yote mawili yametokana na maneno yale yale ya Kiajemi, yenye maana ya mti ulio huru, na Linnaeus alipoipa miti hiyo majina mwaka 1753 aliiweka yote katika jenasi moja ya Melia. Mwarobaini ulipewa jenasi yake katika karne ya 19. Tofauti ni kwamba wenzetu wa Kilatini walirudi wakarekebisha na kuandika walichorekebisha.

Kuhusu miti isiyoota kwetu, watangulizi wetu katika kufasiri Biblia walituachia njia ya kufuata. Walipokutana na miti ya Lebanoni na Bashani hawakuikisia kwa miti ya kwetu, wakasema mvule au mninga. Walikwenda kwenye Kiebrania chenyewe, erezi na aloni, wakaongeza m-, tukapata mwerezi na mwaloni. Leo mfasiri wa habari za misitu ya Ulaya anayo maneno hayo mkononi, nayo yanapatana na ngeli.

Sasa turudi kwenye jina la mahali. Bustani ya mimea ni maneno mazuri, ila hayabagui: bustani gani isiyo ya mimea? Yafaa yabaki kwa maelezo ya jumla. Bustani ya maua ni ya maua. Bustani ya miti ingetumika mahali ambapo kilichokusanywa ni miti hasa, kama ile ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1907. Kwa taasisi yenye kumbukumbu, vibao na nia ya elimu, tunapendekeza bustani ya botania. Najua wapo wasiopenda botania kwa kuwa ni la kigeni. Bustani nalo lilikuwa la kigeni, na hakuna anayelitilia shaka leo. Mahali panapohifadhiwa mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi paitwe hebaria. Na kila karatasi iitwe sampuli, si mfano, kwa maana mfano huweza kubuniwa na sampuli haiwezi.

Kuhusu kibao cha mti, tungependelea jina la Kiswahili litangulie kwa herufi kubwa, kwa kuwa msomaji wa kwanza wa kibao ni mtoto wa shule wa hapa. Chini yake jina la Kilatini kwa herufi za mlazo. Kisha nchi ya asili na matumizi kwa maneno machache. Mti ukiwa na dume na jike mbali mbali, kama ule wa Shelisheli, kibao kiseme dume au jike. Wenye mipapai wamekwisha kutufundisha maneno hayo. Na kwa mti huo wa Shelisheli wenyewe, maadamu mshelisheli tayari una mwenyewe, na mnazi wa Shelisheli utamfanya msomaji afikiri ni mnazi wa kawaida uliosafiri, tunaleta mbele ya wasomaji jina mnazi-bahari, kwa kufuata nazi ya bahari ya Wafaransa. Wasomaji wa Unguja, Pemba, Lamu na Komoro wenye jina la wazee wao kwa mti huu au kwa mbegu yake inayoletwa na mawimbi wanaombwa walete kabla jina hili halijaingizwa katika orodha.